Jambia la Mirathi: Bapa la Yemen, Ala ya Oman

Marehemu aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na mabinti watatu. Mwalimu aliyeitwa kuwapigia hesabu ya mirathi hakupata taabu. Mali yote ilifanywa mafungu manane: mjane akapata fungu moja, kila binti fungu moja, na kila mwana wa kiume mafungu mawili. Shamba likapimwa, nyumba ikatiwa thamani, na fedha za akiba zikahesabiwa mbele ya mashahidi. Kikabaki kitu kimoja juu ya mkeka, kimeviringwa katika kitambaa cheusi: jambia. Nalo jambia haligawiki mafungu manane.

Familia hiyo ya Unguja ilituomba tuje tulitazame, kwa kuwa wenyewe walikuwa wameshindwa kuafikiana. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale alikuwa amewaambia kwamba jambia lao ni la kuungaunga. Si la Oman, si la Yemen, na kwa hiyo yeye angelinunua kwa bei ya fedha yake tu, kwa mizani. Mjukuu wa marehemu, kijana msomi, naye alikuwa ameshaandika tangazo la kuwapelekea wanunuzi wa ng'ambo: "Jambia la kifalme la Oman, karne ya 18." Ushahidi wake ulikuwa sarafu iliyoshonwa kwenye mshipi, yenye mwaka 1780.

Mjane alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema neno moja ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Wanangu, msiniingizie haramu katika fungu langu."

Kauli mbili zile, ya mfanyabiashara na ya kijana, zilikuwa na kosa moja. Kila mmoja alidhani kwamba jambia lazima liwe na nchi moja. Lisipokuwa na nchi moja, basi ama ni bandia, ama litafutiwe nchi kwa nguvu. Ukweli wa majambia ya Arabuni ni mwingine, na familia nyingi za pwani zenye jambia sandukuni zingefaidika kuujua kabla ya kuuza, kugawa au kurithisha.

Jina lenyewe limesafiri

Tuanze na jina. Watu wa Yemen huliita janbiya, kutokana na janb, yaani ubavu. Watu wa Oman huliita khanjar. Mabedui wa Jordan, Palestina na Sham wana lao fupi waliitalo shibriya, neno lenye asili moja na shibiri yetu, kile kipimo cha kiganja kilichokunjuliwa. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulitawaliwa na masultani waliotoka Oman, na jambia tulilolizoea kuliona viunoni mwao ni la Kiomani. Hata hivyo jina lililokaa katika vinywa vyetu ni lile la Yemen, ingawa hanjari nalo tunalo. Ikiwa jina limechanganyika hivyo, si ajabu chombo chenyewe kikachanganyika.

Tena jambia halikuwa kazi ya mtu mmoja. Katika soko la majambia la Sanaa, ambalo hadi leo huitwa Suq al-Janabi, mmoja huuza mabapa, mwingine huchonga mipini, mwingine hutengeneza ala, na mwingine huuza mishipi iliyotariziwa kwa zari. Mnunuzi huweza kuchagua kila kipande kwa fundi wake. Oman nako khanjar moja hupita katika mikono ya mafundi kadhaa: wa chuma, wa mbao, wa ngozi, wa fedha na wa kutarizi. Ufundi huo na desturi za kulivaa uliingizwa na UNESCO mwaka 2022 katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kwa hiyo bapa lililovunjika lilibadilishwa, mpini uliopasuka ukatiwa mwingine, na ala iliyochakaa ikaachwa. Bapa zuri lilirithiwa vizazi vitatu au vinne na kuvishwa ala mpya kila lilipohamia mji mpya. Hakuna aliyeona jambo hilo kuwa ni kughushi. Lilikuwa kama kuezeka upya nyumba ya babu.

Zikaja na safari. Mahujaji walinunua majambia Makka na kurudi nayo makwao. Wahadhrami walihamia Lamu, Mombasa na Unguja. Wengine wakawa askari wa Nizam wa Hyderabad, na huko India mafundi wakawatengenezea majambia ya umbo la Kiarabu kwa nakshi za Kihindi. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, alifuatana na watu wake na silaha zao, na masonara wa mji huu wakapata kazi ya kuzitengeneza. Hata mpini unaohesabiwa kuwa wa Kiomani kuliko yote, ule uitwao Saidi kwa jina la ukoo wa kifalme, husimuliwa huko Oman kuwa ulibuniwa na mke wa Sayyid Said, binti mfalme wa Kiajemi. Basi ni nani atakayesema kwamba kilicho safi ni kile kisichochanganyika?

Msomeni kila mmoja peke yake

Wajuzi wa silaha hizi wana kanuni moja nyepesi: usiliulize jambia zima linatoka wapi. Uliza ala, kisha mpini, kisha bapa, kisha mshipi. Kila kimoja kitoe ushahidi wake, kama mashahidi wanaosikilizwa mmoja mmoja. Hivyo ndivyo tulivyofanya pale mkekani.

Tulianza na ala, kwa kuwa ndiyo inayosema waziwazi zaidi. Ala ya Oman hupinda kwa ghafla, karibu na pembe mraba, na mkia wake huelekea ubavuni. Bapa lenyewe huishia pale penye kona. Mkia uliobaki ni mbao tupu iliyovikwa ngozi na fedha. Juu ya kona kuna pete za fedha zinazoshika mshipi, nazo huwa nne katika majambia mengi na saba katika aina ya Saidi. Kifua cha ala hufunikwa kwa fedha au kwa ushonaji wa nyuzi za fedha. Umbo hili ndilo lililochorwa katika bendera ya Oman tangu mwaka 1970, pamoja na panga mbili zilizopishana. Hata ndani ya Oman kuna tofauti: Nizwa wana lao, kubwa na zito, Sur wana lao, dogo zaidi, na Dhofar, kule kusini, wana lao ambalo limeathiriwa na majirani wa Mahra na Hadhramaut.

Ala ya Yemen ni nyingine. Ile ya watu wa makabila, iitwayo asib, hujikunja na kupanda juu kama ndoana, mara nyingi imezungushiwa ngozi ya kijani, na huvaliwa wima katikati ya tumbo, imepachikwa katika mshipi mpana. Ile ya masharifu na makadhi, iitwayo thuma, haipindi sana, imejaa fedha, na huvaliwa kwa kuinamia upande wa kulia. Kwa hiyo zamani mtu aliingia barazani Sanaa na watu wakamjua daraja lake kabla hajatoa salamu. Hadhramaut nako ala hupinda kama herufi U, imevikwa fedha nzito, na mara nyingi imepambwa kwa mawe mekundu ya akiki.

Ukipanda kaskazini, katika milima ya Asir na nchi ya Hijazi, utakuta majambia marefu ambayo kupinda kwake ni kudogo. Na ukienda magharibi kabisa, hadi Morocco, ala huwa na masikio mawili yenye pete, na jambia huning'inizwa begani kwa kamba, mpini wake umetanuka juu kama mkia wa tausi.

Ala ya marehemu ilikuwa na kona kali, pete nne na kifua cha nyuzi za fedha. Hapakuwa na ubishi: umbo lake ni la Oman.

Tukaenda kwenye bapa. Mabapa ya Oman na ya Yemen yote yamepinda, yana makali pande zote mbili, na yana mgongo unaopita katikati. Lakini lile la Oman huwa jembamba na mgongo wake si mzito, ilhali lile la Yemen huwa pana zaidi na mgongo wake umeinuka, unausikia vizuri ukiupitishia kidole. Katika masoko ya Yemen bapa bora la kale husifiwa kwa kuitwa Hadhrami. Msomaji asidanganyike na neno hilo. Muuzaji anapolitamka, mara nyingi anataja ubora, hataji kijiji lilikofuliwa.

Bapa la marehemu lilikuwa pana, mgongo wake umeinuka sana, na lilipoingizwa katika ala lilikwama kidogo mdomoni. Mdomo wa ala ulikuwa umechongwa kwa ndani ili kulipokea. Huo ulikuwa ushahidi wa pili: bapa hili ni la namna ya Yemen, na ala haikutengenezwa pamoja nalo, bali ilitanuliwa kwa ajili yake.

Ukabaki mpini. Mpini wa Yemen una kiuno chembamba, kichwa chake kimetanuka kwa ncha mbili, na usoni huwekwa vidani viwili vya mviringo au sarafu ndogo, kimoja juu na kimoja chini. Mpini wa kawaida wa Oman kichwa chake ni bapa, kama herufi T. Wa marehemu ulikuwa wa T. Lakini fedha iliyouvika haikufanana na ile ya ala. Ya ala ilikuwa ya nyuzi zilizosokotwa. Ya mpini ilikuwa bamba lililogongwa kwa nyuma likatoka maua na majani yanayoviringana, kazi inayojulikana sana kwa masonara wa Kachchh, kule Gujarat. Tena pale bapa linapoingia mpinini, lakiri iliyoshika msuka ilikuwa ya rangi mbili, nyeusi ya kale chini na nyekundu juu yake. Lakiri ya rangi mbili maana yake ni kwamba mpini umewahi kutolewa na kurudishwa.

Hapo mjane akazungumza tena. Alisema marehemu mumewe alimhadithia kwamba mpini wa kwanza ulipasuka zamani, kabla yeye hajaolewa, na baba mkwe wake akalipeleka jambia kwa sonara wa Kihindi mjini. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama huyu. Wana walikuwa wamehangaika kumtafuta mjuzi, na mjuzi alikuwa chumba cha pili akichambua mchele.

Sarafu inayodanganya na tarehe inayosema kweli

Sasa ile sarafu ya kijana. Ilikuwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kifo chake sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa zaidi ya karne moja na nusu, na mwaka ulioandikwa juu yake haukubadilishwa kamwe: daima 1780. Ilitumika Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu, na kwa kuwa ina uzito wa gramu 28 na fedha yake ni zaidi ya asilimia 83, wafua fedha wengi waliiyeyusha kupata malighafi. Riale iliyoshonwa kwenye mshipi inathibitisha kwamba mshipi haukushonwa kabla ya mwaka 1780. Haithibitishi zaidi ya hapo.

Tarehe yenye maana ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyepatazama: nyuma ya ala, chini ya pete, palipofunikwa na mshipi. Pameandikwa jina la babu wa marehemu, na chini yake mwaka 1327 kwa tarakimu za Kiarabu. Mwaka wa Hijria hugeuzwa kwa hesabu nyepesi: zidisha kwa 97, gawa kwa 100, kisha jumlisha 622. Hapo utapata 1909. Msomaji awe makini na tarakimu hizo. Sifuri ni nukta, na kile kiduara kinachofanana na sifuri yetu ni tano. Saba na nane ni alama moja iliyopinduliwa, kwa hiyo ala ikishikwa kichwa chini tarehe itasomeka vibaya. Wakati mwingine elfu huachwa, ikaandikwa 327 peke yake.

Hata tarehe sahihi ina mpaka wake. Mwaka 1327 ni wa ala, au ni wa siku mwenyewe alipoandikisha jina lake. Bapa laweza kuwa la zamani zaidi, na mpini, kama tulivyoona, ni wa baadaye. Ndiyo maana mtu hawezi kuandika tarehe moja kwa jambia lenye umri tatu.

Jina la fundi nalo lina mafunzo yake. Wafua fedha mashuhuri wa Sanaa, waliosifika kwa nakshi za nyuzi, walikuwa Mayahudi wa Yemen, na wapatao 49,000 kati ya jamii hiyo waliondoka nchini mwaka 1949 na 1950. Iraq nako kazi ya fedha ilikuwa mikononi mwa Masabii. Basi mtu asishtuke akikuta alama ya maandishi ya Kiebrania nyuma ya ala ya jambia lililovaliwa na sharifu. Wala haioneshi kuwa jambia lilinunuliwa kwingine. Yaelekea ni ala ya Yemen ya kabla ya uhamaji huo, na mara nyingi ni bora kuliko zilizofuata.

Ushahidi mwingine uko ukutani kwenu. Picha za zamani za arusi, za Idi na za maulidi huonesha babu amevaa nini kiunoni. Picha za masultani wa Zanzibar, akina Sayyid Barghash (1870–1888) na Sayyid Khalifa bin Harub (1911–1960), nazo zinafaa kwa kulinganisha, kwani umbo la jambia la Kiomani huonekana humo wazi. Katika nyumba ile palikuwa na picha moja ya babu wa marehemu amesimama, mkono juu ya mpini. Mpini wa pichani haukuwa huu uliopo.

Pembe yenye hisabu yake

Lipo jambo moja ambalo hatukuweza kulipita kimya. Mpini ulikuwa wa pembe, na ulipoinuliwa kwenye mwanga wa dirisha ilionekana mistari myembamba ndani yake, kama nywele zilizogandishwa pamoja. Pembe ya ng'ombe au ya nyati huonesha matabaka. Yenye nywele hizo ni ya kifaru.

Pembe ya kifaru ndiyo iliyothaminiwa kuliko zote kwa mipini ya majambia, hasa Yemen, ambako mpini wa kale uliong'aa kwa kushikwa huitwa saifani na bei yake hupita bei ya kila kitu kingine katika jambia. Katika miaka ya 1970, vijana wa Yemen waliofanya kazi katika nchi za mafuta walirudi na fedha, na kila mmoja akataka mpini ambao zamani ulikuwa wa wakubwa. Nchini Kenya walikuwapo vifaru wapatao 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika hata 500. Si pembe zote zilizokwenda Yemen, lakini nyingi zilikwenda. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku mwaka 1977, Yemen ikazuia kuingizwa kwake mwaka 1982, na mwaka 1992 Mufti Mkuu wa nchi hiyo akatoa fatwa kwamba kuwaua vifaru kwa ajili ya mipini kunapingana na dini. Leo mafundi hutumia pembe za nyati wa majini, mbao na vitu vingine.

Kwa familia yenye jambia la kale maana yake ni hii: mpini wa pembe ya kifaru, hata uwe wa babu wa babu, hauvushwi mpaka bila vibali, na tangazo la kijana lingeweza kuwafikisha mahakamani. Kabla ya kuuza au kutuma, waulizwe maofisa wa wanyamapori. Ukweli wa jambo hili una thamani kuliko fedha yote ya ala.

Kuuza kwa ukweli

Uislamu haukatazi pambo la fedha katika silaha. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba kikomo cha mpini wa upanga wa Mtume (s.a.w.) kilikuwa cha fedha. Wala dini haikatazi kuuza kitu cha kale kwa bei nzuri. Inachokataza ni kuficha. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Anayesema "la Oman, karne ya 18" kwa kuwa sarafu imemfurahisha, anaficha. Na mfanyabiashara anayejua kwamba mchanganyiko wa mikoa ni jambo la kawaida, kisha akamwambia mjane kwamba chombo chake hakina asili, naye anaficha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika mirathi huwa fupi zaidi, maana huishia katika udugu uliovunjika.

Kwa hiyo tunawausia wenye majambia haya mambo machache.

Msiyasugue kwa ndimu na jivu, wala kwa dawa ya meno. Weusi ulioingia katika mistari ya nakshi ni sehemu ya umri wake, na kusugua hufuta alama za fundi. Kitambaa kikavu kinatosha.

Msing'oe mpini ili kutazama msuka. Lakiri ya kale ikivunjika, ushahidi umepotea.

Msibadilishe kipande ili jambia lote "liwe la nchi moja". Kumvua bapa la Yemen ala yake ya Oman na kumtafutia nyingine dukani ndiko kughushi kwenyewe, kwa kuwa mtakuwa mmetengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Waulizeni wazee wakiwa hai, wanawake kwa wanaume, na mwandike walichosema pamoja na jina la msemaji na tarehe.

Tena jambia ni silaha. Mtume (s.a.w.) amekataza kupeana upanga ukiwa nje ya ala na kumwelekezea ndugu chuma hata kwa mzaha. Kabati lenye kufuli ndipo mahali pake, mbali na watoto.

Mafungu manane

Tuliporudi kukaa mkekani, tangazo la kijana liliandikwa upya kwa mkono wake mwenyewe. Likasomeka hivi: bapa la namna ya Yemen, tarehe haijulikani, ala ya umbo la Oman, yenye jina la mwenyewe na mwaka 1327 Hijria, mpini wa umbo la Oman, uliovikwa fedha Zanzibar na sonara wa Kihindi, kwa kauli ya mjane wa marehemu, mshipi wenye riale ya Maria Theresa. Chini yake akaongeza: mpini ni wa pembe ya kifaru, hauuzwi nje.

Mjane aliomba lisomwe mara mbili. Kisha akauliza, kama aliyetaka kuhakikisha tu, "Basi ni la wapi?"

Mwanawe mkubwa ndiye aliyemjibu. Alisema bapa limetoka Yemen na ala imetoka Oman, lakini vilikutana hapa na kuvikwa hapa, kiunoni mwa mtu aliyezikwa hapa. Kwa hiyo ni la Unguja. Hatukuwa na la kuongeza.

Familia ikakubaliana kuwaita wathamini wawili wasiojuana, wapewe karatasi ile pamoja na jambia, na wastani wa bei zao uwe ndiyo thamani. Mwenye kulitaka alichukue, likatwe katika fungu lake, na kinachozidi awalipe wenziwe. Tulidhani mmoja wa wana wa kiume atajitokeza. Aliyejitokeza ni binti mdogo, ambaye tangu utoto wake ndiye aliyekuwa akilifuta vumbi kila mkesha wa Idi kabla baba yake hajalivaa. Kakaye mmoja alitaka kusema kwamba jambia ni la wanaume. Mwalimu wa mirathi akamkumbusha kwamba kulivaa ni desturi ya wanaume, ama kulimiliki ni haki ya mrithi yeyote.

Likaviringwa tena katika kitambaa chake cheusi, na safari hii ndani yake ikawekwa na ile karatasi. Wallahu a'lam.